Lenzi, Umbali na Utu

Tangu mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mazungumzo yetu juu ya utamaduni yameelekea zaidi kwenye ngoma, lugha, mila na sanaa za mikono. Ni nadra mtu kuuliza iwapo chombo kama kamera nacho kina adabu zake. Wengi hudhani kwamba kamera ni mashine tu, na kwamba maswali ya utu huanza pale picha inapochapishwa, wala si kabla ya hapo. Katika insha hii tutajaribu kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro. Tutachukua jambo moja dogo, ambalo wapiga picha hulijadili kana kwamba ni la ufundi mtupu, nalo ni uchaguzi wa lenzi ya kupigia picha za watu mitaani. Tutalitazama jambo hilo katika mji wa Kigoma, katika Ujiji na kando ya Ziwa Tanganyika.

Swali letu ni hili: Je, ni haki kumpiga picha mtu kutoka mbali, bila ya yeye kujua? Na je, kumsogelea ndiko kumheshimu?

Kabla ya kujibu, yafaa tuelewe chombo chenyewe. Urefu wa fokasi wa lenzi ni umbali, unaohesabiwa kwa milimita, kati ya kitovu cha lenzi na mahali ambapo miale ya kitu kilicho mbali sana hukutana na kufanya taswira. Kadiri urefu huo unavyozidi, ndivyo lenzi inavyoona sehemu ndogo zaidi ya dunia na kuivuta karibu. Katika kamera ya filamu ya milimita 35, ambayo kila picha ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36, lenzi ya milimita 28 huona pembe ya nyuzi 75 hivi kutoka kona hadi kona; ya milimita 50 huona nyuzi 47; na ya milimita 200 huona nyuzi 12 tu. Kamera kuu ya simu nyingi za mkononi za siku hizi huona takriban kama lenzi ya milimita 24 hadi 28.

Sasa tuseme tunataka kumpiga mtu mzima aliyesimama, kuanzia utosini hadi nyayoni, na kamera tumeishika wima. Pamoja na nafasi kidogo juu na chini yake, tunahitaji kuona kimo cha mita 1.8. Kimo hicho ni mara 50 ya zile milimita 36 za filamu. Kwa hiyo mpiga picha hana budi kusimama umbali wa takriban mara 50 ya urefu wa fokasi. Mwenye lenzi ya milimita 28 atasimama mita 1.4 kutoka kwa mtu huyo. Mwenye milimita 35 atasimama mita 1.75, mwenye 50, mita 2.5, mwenye 135, karibu mita 7, na mwenye 200, mita 10 kamili.

Hesabu hii ni nyepesi, lakini maana yake ni nzito. Mita mbili na nusu ni umbali wa watu wawili wanaosalimiana njiani: sauti ya kawaida inafika, uso unasomeka, na mtu anaweza kusema "sitaki" akasikika. Mita kumi katikati ya soko lenye kelele ni umbali mwingine kabisa. Salamu haifiki ila kwa kupaza sauti, na anayetazamwa hana sababu ya kujua kwamba anatazamwa. Basi mtu anapochagua lenzi asubuhi, kabla hajatoka nyumbani, amekwisha kuchagua pia iwapo siku hiyo atasalimiana na watu au hatasalimiana nao.

Kuna jambo la pili. Umbali hubadili hata sura ya mambo yenyewe. Tuwafikirie kina mama wawili wanaoanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, mmoja akiwa mita tatu nyuma ya mwenzake. Mpiga picha aliye mita tatu kutoka kwa yule wa mbele atamwona yule wa nyuma akiwa nusu ya ukubwa wa mwenzake, na nafasi iliyo kati yao itaonekana wazi. Lakini akirudi nyuma hadi mita 30, yule wa kwanza atakuwa mita 30 na wa pili mita 33. Tofauti yao ni sehemu moja tu katika kumi. Picha itawaonyesha kana kwamba wamebanana bega kwa bega. Hakuna aliyesema uongo, na hata hivyo nafasi yao imeondolewa. Hivyo ndivyo mtaa wenye watu wa kawaida unavyoweza kuonekana kama umati unaosongamana.

Tukiisha kuelewa hayo, tuwasikilize wanaobishana.

Wapo wanaoitetea lenzi ndefu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba mtu akijua anapigwa picha hubadilika: hunyoosha shati, hukaza uso, huacha kazi yake. Kwa hiyo ukweli wa maisha ya mtaani, yaani jinsi watu walivyo wakati hawajipangi, hupatikana kwa aliyejitenga. Tena wanatukumbusha kwamba barabara ni ya wote, na kwamba wahenga walisema macho hayana pazia. Kama si kosa kumtazama mtu sokoni, kwa nini iwe kosa kumpiga picha?

Wapo pia wanaoitetea lenzi fupi. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa karne ya 20, alifanya sehemu kubwa ya kazi zake kwa lenzi ya milimita 50. Wanaofuata njia hiyo husema kwamba anayesogea hukubali naye kuonekana. Hujiweka katika hatari ya kuulizwa, kukataliwa, hata kufukuzwa. Usawa huo ndio heshima.

Tuanze na methali. Ni kweli macho hayana pazia. Lakini macho husahau, na tena hayamchukui mtu na kumpeleka kwingine. Mpita njia aliyekuona umekaa kando ya ziwa huondoka, nawe unabaki na maisha yako. Picha haiondoki hivyo. Huenda ikafika Dar es Salaam, London au katika kila simu ya mkononi, ikiwa na maneno chini yake ambayo hukuyasema. Tumfikirie mvuvi wa Katonga aliyevua usiku kucha kwa taa, akauza samaki wake alfajiri, kisha akaketi juu ya mtumbwi ameshika tama akisinzia. Aliye mita kumi anaona mtu ameshika tama, na katika desturi zetu hiyo ni alama ya huzuni. Ataiita picha hiyo "Umaskini", au akiwa na nia mbaya zaidi, "Uvivu". Aliye mita mbili na nusu angemwamkia, akaambiwa kwamba jana mgebuka walipatikana kwa wingi na kwamba mwenyewe anasubiri jua lipande akalale. Uso ni uleule katika picha zote mbili. Kilichokosekana katika ile ya mbali ni sentensi moja ya mwenye uso.

Historia ya Ujiji yenyewe inatupa funzo juu ya jambo hili. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikutana hapo na David Livingstone. Picha ya mkutano huo iliyoenea duniani haikupigwa kwa kamera. Ni mchoro uliochapishwa katika kitabu cha Stanley mwaka 1872, naye alidai kwamba ulikuwa sahihi kama picha iliyopigwa. Katika mchoro huo wageni wawili wako katikati wakivuliana kofia, na watu waliobaki ni kundi lililowazunguka. Lakini Ujiji ulikuwa mji wenye wenyewe, mwisho wa njia ndefu ya misafara kutoka Bagamoyo. Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa watumishi wa Livingstone, walikuwapo siku ile, na Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki mgeni. Aliyeandaa taswira ile hakukosa kuwa karibu; alikuwa papo hapo. Alichokosa ni kuwauliza wenyeji mkutano ule waliuonaje. Kwa hiyo tusifikiri kwamba ukaribu wa mita unatosha. Mtu anaweza kukukanyaga mguu na bado asikuone.

Upande wa kaskazini, katika milima ya Gombe, tunapata funzo jingine. Jane Goodall alipofika huko mwezi Julai 1960, sokwe walimkimbia, akawa anawatazama kwa darubini kutoka kilimani. Alipunguza umbali kidogo kidogo kwa miezi mingi mpaka wakamzoea. Mwaka 1962 alifuata mpiga picha Hugo van Lawick. Huko msituni lenzi ndefu ni adabu, kwa sababu humwacha mnyama aendelee na maisha yake bila bughudha. Lakini sokwe hasomi gazeti. Hana jirani atakayemcheka wala mtoto atakayeona aibu shuleni. Binadamu anavyo vyote hivyo. Anayeichukua njia ya msituni na kuitumia kwa watu wa soko la Mwanga bila kuibadili, amesahau yuko kwa nani. Na tena, hata msituni maarifa makubwa yalikuja kwa kusogea na kuvumilia.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tumekwisha kuamua: lenzi fupi ni njema, lenzi ndefu ni mbaya. Hapana. Lipo tukio linalotuzuia tusifike huko upesi.

Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima karibu na mpaka. Meli kubwa haikuweza kufika ufukweni. Watu walipelekwa kwa mashua hadi kwenye meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, nayo ikawaleta Kigoma. Kipindupindu kilizuka, na wapo waliofariki. Dunia ilihitaji kuona, maana bila kuona isingeleta dawa wala maji safi. Mpiga picha asimame wapi?

Tukimwambia asogee mpaka mita mbili na nusu na kusalimia, atamkuta mama aliyemshika mtoto mgonjwa. Akimwomba ruhusa, mama huyo huenda akaitikia. Lakini itikio hilo lina uzito gani? Anayeombwa hajui kama huyu mwenye kamera ndiye mwenye kugawa maji, wala kama kukataa kutamnyima nafasi katika mashua. Salamu ileile ambayo kwa mvuvi wa Katonga ilikuwa heshima, hapa yaweza kuwa shinikizo. Kinyume chake, picha ya mbali, iliyopigwa kutoka kwenye meli kwa lenzi ndefu, itaonyesha wingi wa watu na ufinyu wa mahali bila kuianika sura ya mgonjwa hata mmoja. Wingi huo ndio habari yenyewe. Ni kweli umbali utawabananisha watu zaidi ya walivyobanana. Basi mpiga picha mwaminifu ataeleza kwa maneno alisimama wapi.

Tukio hili linatuonyesha kwamba kipimo chetu cha mwisho si mita. Kipimo ni uwezo wa anayepigwa picha kukataa. Mtaani, katika siku ya kawaida, lenzi fupi humpa mtu uwezo huo kwa sababu inamlazimisha mpiga picha afike pale anaposikika. Lenzi ndefu humnyang'anya uwezo huo kimyakimya. Lakini penye msiba, ugonjwa au njaa, uwezo wa kukataa umekwisha kudhoofishwa na hali yenyewe, wala hakuna lenzi inayoweza kuurudisha. Hapo mpiga picha hana budi kujikatalia mwenyewe kwa niaba ya mwenzake: kuuacha uso, kurudi nyuma, au kuishusha kamera.

Sheria za nchi nazo hazimtoshelezi anayetaka jibu rahisi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inalinda heshima na maisha binafsi ya mtu. Na ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni na wa kutafuta habari. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria huweka mipaka ya nje. Ndani ya mipaka hiyo hubaki eneo kubwa ambalo mlinzi wake ni dhamiri na malezi.

Kutokana na hayo, twaweza kutoa maoni matatu. Kwanza, kwa picha za watu mitaani, lenzi ya milimita 35 hadi 50 ndiyo ianze, kwa sababu umbali wake ndio umbali wa salamu. Anayetumia simu ya mkononi ajue kwamba lenzi yake ni pana zaidi, na humfikisha karibu mno kabla hajaalikwa. Pili, anayetaka kutumia lenzi ndefu awe na sababu ambayo angeweza kumweleza mpigwa picha uso kwa uso bila haya: kwamba mitumbwi iko majini, kwamba kusogea kungevuruga mazishi, kwamba alitaka kuonyesha wingi bila kuonyesha nyuso. Kama sababu yake ni kwamba "wangejua wangekataa", basi amekwisha kujibiwa. Tatu, ile hoja kwamba mtu akijua hubadilika haitulazimishi tujifiche. Mvuvi akikaza uso dakika ya kwanza, dakika ya kumi atakuwa amerudia nyavu zake. Anayekosa subira ya dakika kumi asiseme kwamba ametafuta ukweli wa maisha ya mvuvi.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi. Wanafunzi wapime kwa futi ya kamba umbali wa mita 1.4, 2.5 na 10 katika uwanja wa shule, wasimame wawili wawili katika kila umbali, kisha mmoja aseme kwa sauti yake ya kawaida: "Naomba usinipige picha." Mwenzake aeleze kama amesikia. Halafu wajadiliane darasani: asiyesikia ana haki gani ya kusema hakukatazwa?