Usianze na Mustang

Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ni mji wa ndege. Ndipo Wilbur na Orville Wright walipokuwa na duka lao la baiskeli, na ndipo lilipo jumba la makumbusho la jeshi la anga la Marekani, ambalo kuingia ni bure. Kijana wa habari hii alihamia huko akitokea Kigoma, akapata kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Siku moja ya mapumziko alikwenda makumbusho, akasimama mbele ya P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaipenda kuliko vyote alivyoviona humo. Jioni ileile aliagiza Mustang ndogo ya kurushwa kwa rimoti, iliyotengenezwa kwa povu gumu, upana wa mabawa yake mita moja na ushee. Ilimla karibu mshahara wote wa wiki.

Alikuwa anafahamiana na mzee mmoja Mkenya, fundi mitambo mstaafu na mwanachama wa klabu ya ndege ndogo iliyoko nje ya mji. Alimfuata Jumapili baada ya ibada.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia umenunua ndege.”

“Ndiyo, mzee. Mustang.”

“Hiyo iweke kwanza juu ya kabati. Mimi ninayo ya kujifunzia. Njoo uwanjani Jumamosi asubuhi tuanze nayo.”

Mzee alimwonyesha picha ya ndege hiyo kwenye simu: bawa limekaa juu ya kiwiliwili, pua butu, magurudumu makubwa, rangi ya njano. Kijana akaiona ni ya watoto. Alishukuru kwa adabu, akaahidi kwenda, na hakwenda.

Laiti angeuliza kwa nini ile ya njano ina umbo lile. Bawa likiwa juu, uzito wa ndege unaning'inia chini yake kama kikapu mkononi. Mabawa yenyewe yameinuliwa kidogo kwenye ncha, ili ndege ikilala upande mmoja iwe na mwelekeo wa kujinyoosha. Inaruka taratibu, na kwa mwanafunzi utaratibu huo ni muda wa kufikiri. Ikidondoka, povu linagundishwa kwa gundi mezani na ndege inarudi hewani wiki hiyohiyo. Mustang iko kinyume chake karibu kwa kila jambo. Bawa liko chini, gurudumu dogo liko mkiani, mwendo wake ni mkali, na ukiongeza nguvu ya mota ghafla wakati wa kupaa, mzunguko wa propela unaivuta pua upande wa kushoto. Anayejua kurusha hulitazamia hilo, akairekebisha kwa usukani wa mkiani hata bila kufikiri. Asiyejua huishia kwenye majani. Siku hizi ndege nyingi za aina hii huja na kifaa cha kuituliza hewani, na kweli kinasaidia sana dhidi ya upepo. Lakini kifaa hicho hakimwambii mtu ndege yake imeelekea wapi, na hapo ndipo wanaoanza wengi huharibikiwa.

Sanduku lilipofika, kijana aliunganisha mabawa na mkia kwa usiku mmoja. Betri ilikuwa ya lithiamu, ile laini iliyofungwa kwa nailoni, yenye seli tatu. Haikuingia vizuri mahali pake, kwa hiyo akaisogeza nyuma kidogo ili kifuniko kifunge. Ndege karibu zote za namna hii hutakiwa zisawazike kwenye sehemu iliyo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Unaishika kwa ncha za vidole viwili pale palipoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, unaiacha, unatazama. Pua ikiinama kidogo, hakuna neno, itaruka, ingawa kwa uzito. Mkia ukizama, usithubutu kuirusha. Kipimo hicho hakichukui hata dakika moja. Hakukifanya.

Jumamosi alasiri alikwenda kwenye bustani ya mtaa, penye nyasi pana na maegesho ya magari pembeni. Upepo ulikuwa unatikisa matawi. Watoto wawili walikuwa wanacheza mpira. Aliisukuma Mustang kwa nguvu zote za mota, ikavutwa kushoto, naye kwa hofu akavuta kijiti cha kuinua pua. Ndege iliyozidiwa uzito mkiani ikaruka juu kwa ghafla. Akafanikiwa kuituliza, akaizungusha, na kwa muda mfupi ilipendeza kweli, ikipita mbele yake kwa mlio wake mwembamba. Kisha ikageuka ikawa inamjia.

Ndege inayokwenda mbele yako, kulia kwake ni kulia kwako. Ikikugeukia uso, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na mkono ambao haujazoezwa hufanya kinyume cha kinachotakiwa. Bawa moja lililala. Akasukuma kijiti upande usio wake, likalala zaidi. Akavuta pua juu ili aiokoe, huku mwendo umekwisha kupungua. Bawa likivutwa juu kupita kiasi, hewa huacha kulibeba, na halimpi mtu nafasi ya pili akiwa karibu na ardhi. Mustang ilipinduka, ikapita juu ya watoto, ikagonga kioo cha mbele cha gari lililokuwa limeegeshwa.

Hakuna aliyeumia. Ndege ya kilo moja na nusu iendayo kasi, yenye propela inayozunguka, ina uwezo wa kumtoa mtoto jicho, na ninaandika hili nikijua kuwa kilichowaepusha watoto wale ni hatua chache tu.

Mwenye gari alitoka akiwa na hasira, na alikuwa na haki. Kijana akaomba radhi, akaandika namba yake ya simu, akakusanya vipande kwa haraka na aibu, akavitia vyote kwenye buti la gari la rafiki yake aliyempa lifti. Betri nayo akaitia humo, pua ya ndege ikiwa imeibonyeza kwenye kona moja.

Betri hizi zina mambo yake, na mtu asiyetaka kuyajua asizinunue. Kila seli ikijaa inafikia volti 4.2. Ikishuka chini ya volti 3 inaharibika. Ikiwa haitumiki kwa siku kadhaa, iachwe kwenye volti 3.8 hivi, isikae imejaa wala imekauka. Ichajiwe kwa chaja yake, juu ya kitu kisichoshika moto, na mtu awe macho karibu nayo. Kuichaji usiku chumbani huku umelala ni kucheza na nyumba. Iliyovimba haitumiki tena. Na iliyopigwa kwenye ajali, hata kama kwa nje inaonekana nzima, huenda ndani tabaka zake zimegusana na joto linapanda polepole. Hiyo huwekwa peke yake nje, juu ya zege au mchanga, ikatazamwa kwa muda mrefu kabla mtu hajaisogeza.

Walikuwa bado njiani walipoanza kunusa harufu tamu ya kemikali. Rafiki akasimamisha gari, wakafungua buti, moshi mweupe ukawapiga usoni, na kabla hawajarudi nyuma ule moshi ukashika moto. Zulia la buti liliungua, na kiti cha nyuma kikaungua upande mmoja mpaka kwenye chuma. Kioo cha yule bwana alikilipa kijana. Kiti cha rafiki alikilipa kijana. Angekuwa mwanachama wa chama cha taifa cha warushaji ndege ndogo, AMA, kilichoanzishwa mwaka 1936, angekuwa na bima ya madhara anayowasababishia watu wengine, ilimradi afuate kanuni zake za usalama. Bustanini alikuwa peke yake, bila bima na bila mwalimu.

Wala hakuwa na haki ya kurusha. Marekani, ndege ya kujifurahisha iliyozidi gramu 250 lazima mwenyewe ajisajili kwa mamlaka ya anga, FAA, kwa dola 5 zinazotosha miaka mitatu. Lazima afanye mtihani mfupi wa usalama uitwao TRUST, ambao ni bure na hufanywa kwa simu. Asipande juu ya futi 400, yaani kama mita 120, na asiitoe ndege mbele ya macho yake. Kuzunguka Dayton kuna kambi kubwa ya jeshi la anga ya Wright-Patterson na uwanja wa ndege za abiria, hivyo kuna sehemu za mji ambako huinui chochote bila idhini. Mzee angemweleza yote hayo asubuhi moja.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba yote haya yalitokea Dayton. Ndugu wa Wright hawakuanza na injini. Mwaka 1900, 1901 na 1902 walikwenda Kitty Hawk, North Carolina, na vitelezi visivyo na mota, wakajifunza kwanza kuiongoza ndege. Katika msimu wa 1902 peke yake waliteleza hewani mamia ya mara. Ndipo wakaweka injini, na tarehe 17 Desemba 1903 ndege ya kwanza ikakaa hewani sekunde 12. Baada ya hapo walirudi kwao na kuendelea na mazoezi kwenye malisho ya Huffman Prairie, nje kidogo ya mji. Mzunguko kamili wa kwanza, kuondoka na kugeuka mpaka kurudi pale ulipoanzia, Wilbur aliufanya tarehe 20 Septemba 1904, miezi tisa baada ya kupaa. Kijana wetu alitaka mzunguko huo dakika ya kwanza, maili chache kutoka malisho yaleyale.

Ilimchukua muda kumrudia mzee. Mzee hakumsimanga. Alimwambia tu, “Nilikungoja Jumamosi ile, mwanangu,” kisha akampa kazi. Kwanza programu ya mazoezi kwenye kompyuta, unayoichezea kwa rimoti ileile ya uwanjani, kila jioni kabla ya kwenda ghalani. Humo ndege huanguka bila gharama. Baadaye uwanjani, ile ya njano, kwa rimoti mbili zilizounganishwa: mwanafunzi anarusha, na mwalimu ameshika swichi ya kuichukua ndege mara tu mambo yanapoharibika. Kabla ya kila safari, sukuma kijiti kulia na utazame kibao cha bawa la kulia kinapanda. Panda juu kwanza, kiasi cha kukuachia nafasi ya kurekebisha kosa. Paa na utue ukiukabili upepo. Na ndege ikikujia na bawa moja limelala, sukuma kijiti upande ule unakoliona limelala, nalo litanyooka. Kanuni hiyo ya mwisho ni fupi, lakini ndiyo iliyomkosesha Mustang.

Mchezo huu ni mzuri. Unafundisha umeme, hewa na ufundi wa mikono, na mtu akiisha kuiona ndege aliyoiunganisha mwenyewe ikitua kwa utulivu miguuni pake, hauachi tena. Kwa hiyo siwaambii vijana wasiuanze. Nawasihi waanze na ndege ya kujifunzia, yenye bawa la juu, kando ya mtu anayejua, mbali na watoto na magari. Na wewe uliye Tanzania au Kenya, usilipie ndege ya mtandaoni kabla ya kuuliza. Vyombo vya kurushwa kwa rimoti viko chini ya mamlaka za anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya. Waandikie, waeleze uzito wa ndege unayoitaka na mahali unapokusudia kuirushia, upate jibu lao kwa maandishi, ndipo uagize.