Wino Mwekundu na Lugha ya Bibi

Katika kazi za mwalimu, iliyo nzito kuliko zote huenda ikawa ni kufunga mwaka. Vitabu vya kiada hukusanywa na kuhesabiwa, picha huteremshwa ukutani, na orodha ya majina hubakia mezani ikingoja alama. Mwalimu wa hesabu huipitia orodha hiyo kwa utulivu kiasi, kwani mbili na mbili hazina nyumba zilimozaliwa. Mwalimu wa lugha hana raha hiyo, seuze yule anayemtahini mtoto katika lugha ambayo mtoto mwenyewe aliinyonya kwa mamaye.

Hiyo ndiyo hali ya mwalimu wa Kihispania katika jimbo la New Mexico, nchini Marekani, kila ufikapo mwezi wa Mei. Darasani mwake aghalabu wamo wanafunzi wa namna mbili. Wa kwanza ni wageni wa lugha: mwanzoni mwa mwaka walianza na maamkizi, na sasa wanavinyambua vitenzi kama kitabu kilivyoagiza. Wa pili ni wajukuu wa lugha. Kihispania kilifika huko mwaka 1598 pamoja na walowezi wa Juan de Oñate, kabla Marekani yenyewe haijakuwapo. Na nchi ile ilipotwaliwa kutoka Mexico kwa mkataba wa mwaka 1848, bendera ilibadilika, lugha ikabaki majumbani. Mjukuu huyu huteta na nduguze kwa Kihispania, na bibi yake humwombea dua kwa Kihispania. Kisha katika mtihani wa kufunga mwaka yeye huanguka, na mgeni akapasi.

Huanguka kwa sababu ameandika truje palipotakiwa traje, yaani “nilileta”, na haiga palipotakiwa haya, umbo la kitenzi cha kuwapo. Wino mwekundu hupita juu ya maneno hayo, na alama hukatwa. Hapo ndipo lilipo swali la maadili: wino huo umehukumu kitu gani? Umeihukumu karatasi, au umemhukumu bibi?

Historia ya maneno hayo haimpi hakimu nguvu nyingi. Jamaa ya truje imo katika Don Quijote ya Cervantes, kitabu kilichotoka mwaka 1605, na hapana aliyesema kwa ajili hiyo kuwa Cervantes hakujua Kihispania. Ama haiga, kisa chake kinastaajabisha zaidi. Zamani ilisemwa traya na caya kwa maana ya “alete” na “aanguke”. Ulimi wa watu ukatia g, yakapatikana traiga na caiga, na hayo leo ndiyo yaliyo sahihi katika kila kitabu cha sarufi. Haiga lilipita njia hiyo hiyo, ila lilifika mlango umekwisha fungwa. Ndugu watatu wa tumbo moja. Wawili wameitwa mabwana na wa tatu ameitwa mtoro. Hapana mantiki iliyowatenga. Iliyowatenga ni mamlaka ya wenye kalamu.

Je, basi wino mwekundu utupwe? Wapo wasemao hivyo, na huruma yao yaeleweka; lakini huruma hiyo ina dharau ndani yake. Mwalimu amwachiaye mtoto alama za bure, asimwambie kuwa haiga litachekwa katika barua ya kazi, amemwacha afunzwe na kicheko cha wengine. Lugha sanifu ni chombo: ndiyo inayomwezesha mtu wa Santiago kusoma gazeti la Madrid. Kumnyima mtoto chombo hicho kwa kisingizio cha kumpenda ni kumfungia nje ya nyumba iliyo yake.

Lakini ukali usiojua historia una madhara makubwa kuliko hayo. Mwaka 1954, katika mji wa Marfa, Texas, watoto wenye asili ya Mexico waliosoma katika skuli ya Blackwell waliandikishwa vikaratasi vya ahadi kwamba hawatasema Kihispania. Vikaratasi vikatiwa sandukuni, vikazikwa kama azikwavyo maiti. Mwaka 2024 skuli hiyo iliwekwa rasmi miongoni mwa mahali pa historia panapohifadhiwa na taifa la Marekani, ili jambo lile lisisahaulike. Mwalimu wa leo hazishi lugha. Hata hivyo, mtoto aliyeambiwa “kosa” mara mia kwa mwaka, bila ya kuelezwa sababu, hutoka Mei akiamini kuwa nyumbani kwao hawajui kusema. Siku ile huanza kumjibu bibi yake kwa Kiingereza. Maziko hufanyika vilevile, bila ya sanduku.

Mwambao unakijua kisa hiki. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia usanifu huo. Faida yake ni kubwa na haikanushiki. Lakini mtoto wa Lamu aandikapo ndia, mato na mai, hukatwa alama. Kisha huambiwa ausome Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa Kiswahili cha kaskazini, austahi. Lugha ile ile ni hazina katika utendi na ni kosa katika daftari.

Kwa hiyo deni la mwalimu ni kutenganisha mambo mawili ambayo wino huyachanganya: kosa na tofauti. Anayesema “hivi sivyo lugha ilivyo” anamwongopea mtoto. Anayesema “hivi sivyo mtihani unavyotaka, na haya ndiyo yaliyosababisha” anamwambia kweli, na kweli hiyo haimpunguzii ukali hata chembe. Cheti cha mwisho wa mwaka kina nafasi ya herufi moja tu. Hakina nafasi ya maelezo. Maelezo yapasa yawe yamekwisha semwa kwa kinywa, mwaka mzima, kabla herufi hiyo haijaandikwa. Yasiposemwa, hata alama ya haki itasomeka kama tusi.

Siku ya mwisho mwalimu wa Kihispania huwaaga wanafunzi kwa neno hasta: hasta kesho, hasta tuonane. Neno hilo asili yake ni hatta la Kiarabu, ndilo hata la Kiswahili cha wazee waliosema “hata kesho”. Ni neno la mpaka, nalo humwahidi aagwaye kuwa yapo makutano mbele. Mjukuu naye anarudi nyumbani kwa miezi miwili ya mapumziko, na bibi yuko mlangoni. Kazi ya mwaka mzima itapimwa kwa lugha atakayoiitikia.