Kipimo cha Mjeledi na Kipimo cha Dau

Liko swali moja ambalo yafaa tulipime pamoja: Je, jambo zuri laweza kubaki zuri ikiwa riziki yake yatoka katika hasara ya jirani? Mfano nautwaa katika mashindano ya farasi ya Uingereza, ambayo mimi ni mmoja wa wayapendao na kuzifuata habari zake.

Uzuri wake haukanushiki. Mbio za Derby zilianza Epsom mwaka 1780, na leo viwanja vya mashindano katika nchi ile vyakaribia 60. Saisi huamka kabla ya jua kuwatunza farasi wake, na mpanda farasi hujinyima chakula ili awe mwepesi. Lakini wahenga walisema, “Vyaelea, vimeundwa.” Basi tuulize, vimeundwa kwa mali gani?

Tangu mwaka 1961 iko sheria ya kuwatoza wapokea dau mchango wa kuyasaidia mashindano. Tangu mwaka 2017 mchango huo ni sehemu 10 katika kila 100 za faida waipatayo kwa mbio za farasi, ikiisha kuachwa paundi 500,000 za kwanza. Na faida hiyo ni nini? Ni fedha walizoweka watu zisiwarudie. Maana yake, watu wakipoteza sana, mchango huongezeka. Wakipoteza kidogo, hupungua. Mwenye farasi hamjui yule aliyepoteza mshahara wake, lakini anakula katika chungu alichokijaza yeye. Ndiyo sababu tarehe 10 Septemba 2025, serikali ilipofikiri kuongeza kodi ya dau, mashindano yote ya siku ile yaliondolewa ili kupinga shauri hilo.

Sasa tumtazame farasi. Zamani desturi ilikuwa kama ile methali, “Punda afe, mzigo ufike.” Lakini watu walianza kuona haya. Kwa kanuni za mwaka 2023, mpanda farasi asizidishe mapigo 6 ya mjeledi katika mbio za uwanda, wala 7 katika mbio za kuruka viunzi. Akizidisha kwa mapigo manne au zaidi, hata farasi wake huondolewa katika ushindi. Tena katika mbio za Grand National, ambazo farasi wengi wamekufa, hesabu ya washindani ilipunguzwa mwaka 2024 kutoka 40 hadi 34. Wako waliosema kwamba mchezo utaharibika. Haukuharibika.

Ikiwa mnyama amewekewa kipimo, mtu je? Mwaka 2023 serikali ilitoa shauri kwamba mtu apotezaye fedha nyingi atazamwe kama anao uwezo wa kuzipoteza. Wapenzi wengi wa farasi walikasirika. Zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi ombi la kupinga, nalo likazungumzwa Bungeni mwezi wa Februari 2024.

Hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba mfuko wa mtu mzima ni siri yake. Kwamba akisumbuliwa atawaendea wapokea dau wasio na ruhusa. Na kwamba saisi maskini ndiye atakayekosa kazi kwanza. Ni kweli, saisi ana watoto. Lakini yule mwenye kupoteza naye ana watoto, na wao hawakuulizwa. Na mtu anunuaye tiketi ya kuingia uwanjani hujua bei yake kabla ya kulipa. Mwenye kuweka dau huijua bei jioni, na mwingine asiyeweza kujizuia huijua nyumba ikiisha kuwa tupu.

Kwa hiyo nasema, na nasema kama mpenzi wa mbio hizi: kipimo na kiwekwe, hata ikiwa zawadi zitapungua na baadhi ya viwanja kufungwa. Anayependa farasi kwa kweli atalipa kiingilio na kumtazama akikimbia, hata kama zawadi ni ndogo. Nasi tuupeleke mfano huu katika kila jambo tulipendalo. Tusiulize tu kama ni zuri machoni. Tuulize pia ni nani anayelipa gharama yake, na kama alijua kwamba analipa.