Kama Mvinyo Una Faida, Je, Uharamu Unaondoka?

Sisi wanafunzi tunaokaa Mutanga Nord tunaulizwa swali hili na wenzetu, mara nyingi kwa heshima: "Wataalamu wamesema glasi moja ya mvinyo mwekundu inasaidia moyo. Nyinyi Waislamu mnakataa hata dawa?" Wengi wetu hukimbilia kujibu kwamba mvinyo ni sumu tupu. Jibu hilo naliona dhaifu.

Habari hiyo ilivuma mwaka 1992, Serge Renaud na Michel de Lorgeril walipoandika katika jarida la Lancet kwamba Wafaransa hula mafuta mengi ya wanyama, na bado vifo vya maradhi ya moyo kwao ni vichache. Wakaona huenda sababu ni mvinyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama, kwa kuwa pombe husababisha saratani. Tukafurahi! Lakini aliyeujenga uharamu juu ya utafiti atafanya nini upepo ukigeuka tena?

Qur'ani haikungoja maabara. Aya ya 219 ya Suratul-Baqara inakiri kuwa katika ulevi mna manufaa kwa watu, kisha inaipima dhambi yake kuwa kubwa zaidi. Katazo kamili likaja baadaye, katika Suratul-Maida. Basi anayetuletea faida za mvinyo hajatuletea jambo jipya.

Tazama pia unavyotengenezwa. Zabibu nyeusi hupondwa na kuachwa pamoja na maganda yake, ambayo ndiyo hutoa rangi na ile resveratroli inayosifiwa. Hamira hula sukari, ikaacha pombe. Urwarwa wetu hupita njia hiyohiyo: ndizi mbivu hukamuliwa, maji yake hutiwa unga wa mtama, hufunikwa siku chache. Juzi ungempa mtoto, leo yanalevya. Mvinyo ukigeuka wenyewe kuwa siki, umekuwa halali. Tunda halina kosa, kilichokatazwa ni ulevi. Anayetaka resveratroli na ale zabibu.

Pagumu zaidi ni kwenye sherehe ya mahari, pombe inapozungushwa na kukataa kunaonekana kama kukataa undugu. Hapo ukianza kueleza saratani unamtukana mwenyeji, kana kwamba amekuwekea sumu mezani. Mimi naona ni adabu zaidi kusema: "Mzee, dini yangu imenizuia, naomba Fanta," kisha ukabaki umeketi naye hadi mwisho.