Jembe la Mzee wa Kalvati

Barabara yetu ya kushuka bondeni, pembeni mwa Kaisho, ilikuwa na sifa. Masika yakikata barabara za jirani, yetu ilipitika. Malori ya ndizi yalishuka mpaka chini, yakapakia mikungu na kupanda kilima kurudi njia ya Omurushaka bila kusukumwa. Tulijivuna kwamba udongo wa kwetu ni mgumu. Tuliamini hivyo kwa miaka mingi, hadi usiku ilipokatika, na asubuhi yake tukajua kwamba kilichoibeba muda wote huo ni jembe la mzee mmoja.

Ujanani mzee yule aliajiriwa na PWD, idara ya kazi za umma iliyoanza enzi za Waingereza. Alipewa kipande cha barabara akitunze: afyeke majani kando, azibue mtaro, atoe matope kwenye kalvati. Ajira ikaisha, mazoea yakabaki. Kila mwisho wa Agosti, kabla ya vuli, na kila mwisho wa Februari, kabla ya masika, tulimkuta bondeni na jembe, panga na karai, suruali imekunjwa magotini. Hakuna aliyemlipa. Nilipokuwa mtoto, Kaisho ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe, nilimpita pale nikienda shule.

"Shikamoo mzee. Pole na kazi."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa. Maji hayapigi hodi."

Nilipokuwa mtu mzima nilimpita vilevile, salamu ileile, mikono mfukoni.

Barabara ya udongo haiuawi na magari. Magari huja kumalizia tu. Muuaji ni maji. Ndiyo maana greda linapochonga huiachia barabara mgongo katikati, ili mvua igawanyike na kuteremkia mitaroni. Mtaro nao lazima uwe na pa kwenda: matoleo ya kuyamwaga maji shambani kabla hayajapata nguvu, na kalvati la kuyavusha upande wa pili pale yasipoweza kumwagwa. Kwenye vilima kama vya kwetu hilo si jambo dogo, maana maji hupata kasi kila hatua yanayoshuka. Bomba la kalvati likizibwa na majani ya migomba, maji hayasubiri. Hupanda juu ya barabara, huanza kuchimba upande wa chini, na kwa usiku mmoja hufanya shimo ambalo mtu na jembe lake angelizuia kwa asubuhi moja.

Mzee akaanza kuumwa magoti. Mwaka mmoja hakuonekana bondeni Agosti, wala Februari iliyofuata. Nakumbuka niliuliza hali yake. Sikuuliza nani anazibua kalvati, na hakuna mwingine aliyeuliza.

Wakati huohuo sisi wenyewe tulikuwa tunauziba mtaro kidogo kidogo. Mwenye duka alimwaga kifusi mbele ya mlango ili bodaboda ziegeshe. Jirani yake akafanya hivyohivyo, akaongeza na mbao. Chupa za plastiki na maganda ya maharage vikaingia humo kila siku ya soko. Hakuna aliyekusudia kuua barabara. Kila mmoja alitaka mlango wake tu upitike.

Kisha ukaja mkutano wa kijiji wa kuibua miradi ya mwaka. Mama mmoja muuza ndizi alisimama akasema kalvati la bondeni linatapika maji, liandikwe la kwanza. Tulimsikiliza kwa heshima. Baadaye akasimama mtu mwingine, akapendekeza tufunguliwe barabara mpya upande wa pili wa kilima, na uwanja mzima ukapiga makofi. Mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mingine. Barabara mpya ina uzinduzi, wageni, hata utepe. Kalvati lililozibuliwa linafanana na kalvati lilivyo siku zote, na ni vigumu kumshangilia mtu kwa jambo ambalo halikutokea.

Hata kama tungeliandika la kwanza, kalenda ilikuwa dhidi yetu, na hili naomba kila anayekaa kwenye mkutano wa aina ile alishike. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Kwetu Julai ni kiangazi, wakati mzuri wa kushika barabara. Lakini fedha haziingii siku bajeti inapopita, na zikiingia bado kuna zabuni, na baada ya zabuni kuna mkataba. Septemba mvua zinaanza. Greda likija Novemba linachonga tope. Kazi ya kiangazi inataka mtu aliye tayari hapohapo kabla mwaka wa fedha haujafunguliwa.

Mvua iliyotumaliza ilinyesha usiku wa masika, na haikuwa kubwa kuliko nyingine tulizozijua. Asubuhi tulikuta barabara imekatwa pande mbili, mabomba ya kalvati yamelala chini kwenye shamba la migomba, na katikati korongo ambalo mtu mzima angeingia akazama mpaka kichwani. Upande wa bondeni lilikuwepo lori limejaa ndizi. Lilikaa huko mpaka mikungu ikaanza kuiva ndani yake, na mwenye mali akauza kwa bei yoyote aliyotajiwa. Majuma yaliyofuata mikungu ilivushwa mabegani juu ya magogo mawili. Wanunuzi walijua hatuna njia, wakatupangia bei kama watu wasio na njia. Yule mama aliyesimama mkutanoni alikuwa akivusha mikungu yake mwenyewe, na hakumkumbusha yeyote alichosema. Ningependa angetukumbusha.

Niliposoma baadaye ripoti ya maendeleo ya Benki ya Dunia ya mwaka 1994 niliona korongo letu kwa ukubwa wa bara zima. Inaeleza kwamba Afrika, ndani ya miaka 10, ingeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara kama ingetumia dola bilioni 12 kuzitunza kwa wakati. Nyuma ya tarakimu hizo naona majani ya migomba kwenye mdomo wa bomba.

Na dawa yake si ngeni kwa majirani zetu. Ng'ambo ya mto Kagera, Wanyarwanda hutoka Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kwa kazi ya umuganda. Waganda walikuwa na bulungi bwansi, kazi ya pamoja iliyotunza njia zao tangu enzi za makabaka. Kenya ilipoanza mpango wake wa barabara za vijijini mwaka 1974, ilimkabidhi mkazi wa jirani kipande kifupi cha barabara akitunze kwa malipo, siku chache kila juma. Ni kazi ileile ya mzee wetu, ila yenye mshahara.

Leo Kaisho iko wilaya ya Kyerwa, na tangu 2017 barabara za aina yetu ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, hivyo hata kijana wa bodaboda ni mchangiaji mwenye haki ya kuuliza. Mipango ya mwaka hutenga matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu na ya sehemu korofi. Nimejifunza kuutafuta kwanza mstari wa matengenezo ya kawaida. Ndio mdogo, ndio usiopigiwa makofi, na ndio wa kwanza kupunguzwa fedha zisipotosha.

Kalvati letu lilijengwa upya, pana zaidi, na mtaro ukatandikwa mawe. Mzee hakuliona.

Mwishoni mwa Agosti mwaka jana nilikuwa nashuka bondeni nikakuta mbele ya duka jipya kifusi kimemwagwa mtaroni, bado kibichi. Mwenye duka, kijana wa miaka ishirini na kitu, alitoka akaniamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Una jembe hapo ndani?"

Alikiangalia kile kifusi, akaingia, akarudi na majembe mawili.