Haki ya Jirani Katika Moto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia moto uwe ukumbusho na manufaa, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kuwa watu wote wana shirika katika maji, malisho na moto. Tumezoea kuisoma hadithi hii katika darasa zetu kana kwamba ni habari ya mabedui na mahema yao. Lakini moto wa leo ni umeme, gesi, mafuta ya taa na makaa. Na shirika hilo lavunjwa mbele ya macho yetu.

Twatoa mfano wa Nairobi, kwani vijana wetu wengi wa Pwani wamekwenda huko kutafuta riziki, na Kibera ni mji wa kale wa ndugu zetu Wanubi, askari waliopewa makazi pale na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kibera, na Kawangware vilevile, maskini hana fedha za gunia la makaa. Hununua mkebe leo na mkebe kesho. Lau ungeijumlisha mikebe yake hata ijae gunia, ungemkuta ametoa zaidi kuliko tajiri aliyelinunua zima. Wengi huuziwa umeme kwa waya uliovutwa juu ya mabati na mtu asiye na idhini, atozaye apendavyo. Waya ukishika moto, safu nzima ya nyumba huteketea. Basi mwenye kidogo ndiye alipaye kingi, kisha akaongezewa moshi. Na moshi huu si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka 2020.

Wala si kwamba nchi haina nishati safi. Umeme wa mvuke wa ardhi ulianza kutolewa Olkaria mwaka 1981, na leo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya yatokana na mvuke huo, maji, upepo na jua. Lakini mwaka 2018 mafuta ya taa yalitiwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, na mwaka 2021 gesi nayo ikatozwa kodi ya asilimia 16, ambayo baadaye ilipunguzwa na kuondolewa. Kumfungia maskini mlango wa zamani kabla ya kumfungulia mpya si uadilifu.

Hata hivyo, tusiwalaumu watawala peke yao. Muuzaji aliyebonyeza kitako cha mkebe wake na aisome Sura ya Al-Mutaffifin. Mwenye nyumba apangishaye vyumba kumi kwa waya mmoja mbovu na ajue kuwa ataulizwa. Na mwenye kuiba umeme asidhani kuwa dhuluma aliyotendewa imemhalalishia; lakini aliyemzibia njia ya halali ana fungu lake katika dhambi ile.

Kumbukeni Sayyidna Umar (R.A.) usiku ule alipomkuta mwanamke akichemsha sufuria tupu ili awanyamazishe wanawe. Aliubeba unga mgongoni mwake mwenyewe, akaupuliza moto mpaka moshi ukapenya ndevuni mwake. Khalifa aliuonja moshi wa raia wake. Ni wangapi kati yetu walioinama mbele ya jiko la jirani?

Basi yatupasa kutenda. Tuangalie fedha tunazozimaliza kwa taa za mapambo katika sherehe zetu. Tutoe sadaka kwa ajili ya mita ya halali, mtungi wa gesi, au jiko la udongo lilalo makaa machache. Wenye uwezo waweke wakfu mitambo ya jua kwa madrasa. Na tuanze hapa petu, Kisauni na Likoni, kabla ya kuwanyoshea kidole watu wa Nairobi.

Mwenyezi Mungu atuafikie katika uadilifu wa mizani, wala asitujaalie kuwa wenye kuota moto hali jirani zetu wamo gizani. Amin.