Mama, Vyombo Vimekwisha

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Mdai alipofika kwa yule mjane hakutaka shamba wala ng'ombe. Alitaka wavulana wawili. Baba yao alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii, mcha Mungu, naye alikufa akiacha deni. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anasema marehemu huyo alikuwa Obadia, yule aliyewaficha manabii mia moja mapangoni Yezebeli alipokuwa akiwawinda, na kwamba pesa alizikopa ili awalishe. Biblia yenyewe haimtaji jina, wala hatuhitaji kulijua. Mtu mwema huweza kufa na deni, na deni halizikwi pamoja naye. Karne nyingi baadaye, katika Nehemia sura ya 5, bado tunawasikia wazazi wa Yerusalemu wakilia kwamba wana wao na binti zao wanachukuliwa utumwani kwa sababu ya madeni.

Kwa hiyo habari hii ni ya watoto kabla haijawa ya mafuta. Nalisema hili mapema kwa sababu mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya mjane huyu huanzia kwenye mafuta na kuishia kwenye mafuta, na wale wavulana hubaki nyuma kama wapambe. Ukiisoma hivyo unapoteza kiini chake. Mama huyu hakwenda kwa Elisha kuomba mtaji. Alikwenda kuwalilia wanawe.

Nabii akamuuliza maswali mawili mfululizo: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Akajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Akaagizwa akaazime vyombo vitupu kwa majirani wote, wala visiwe vichache. Kisha aingie ndani yeye na wanawe, afunge mlango, amimine. Hapo ndipo biashara ya nyumbani ilipoanzia, katika kitu kimoja kilichokuwa kimebaki kabatini.

Akina mama wengi wa kwetu wanaoishi Washington na pande zake, kuanzia Silver Spring na Hyattsville huku Maryland mpaka Alexandria ng'ambo ya mto Potomac, wanalijua swali la Elisha bila kulisoma. Una nini nyumbani? Mmoja ana mkono wa kusuka nywele. Mwingine ana cherehani na vitenge. Mwingine anaoka keki za harusi na za ubatizo, na sheria ya Maryland inamruhusu kuuza alichooka jikoni kwake, vile vyakula visivyohitaji friji, hadi dola 50,000 kwa mwaka. Lakini biashara ninayoiona zaidi katika nyumba zetu ni deikea, yaani kulea watoto wa wengine nyumbani kwako. Sababu yake si ngumu. Kulelewa kwa mtoto mchanga katika jiji hili ni miongoni mwa huduma za bei ya juu kabisa Marekani nzima. Mama aliyetoka Kisii au Arusha, anayehudumia wazee kwa malipo ya saa, akipiga hesabu anakuta mshahara wake unaishia mikononi mwa yule anayemlelea mtoto. Basi anaamua kukaa nyumbani, anachukua mafunzo na leseni, anapokea watoto wa wenzake, na wa kwake anakuwa naye hapo hapo. Kwa karatasi, jambo limekwisha.

Kwa kuishi, ndipo linaanza. Leseni ya kulea watoto nyumbani Maryland inaruhusu watoto wanane kwa wingi, na katika hao wasiozidi wawili wawe chini ya miaka miwili, isipokuwa kuna mtu mzima wa ziada. Na mtoto wa mwenye nyumba akiwa chini ya miaka sita anahesabiwa humo. Tulia kidogo kwenye kanuni hiyo. Mwanao wa miaka mitatu amekalia nafasi ambayo mzazi mwingine angeilipia kila wiki. Hakuna mama anayelisema kwa sauti, lakini nimewasikia wakihesabu miezi iliyobaki kabla kitinda mimba hajatimiza miaka sita. Kanuni imewekwa kwa ajili ya usalama, na ni njema. Mikono miwili haiwezi kuwatoa watoto kumi na wawili moshi ukitanda. Ila imeleta mezani swali ambalo mdai wa mjane naye alilileta kwa namna yake: mtoto huyu ana thamani gani ya pesa?

Itazame siku yenyewe. Kengele ya mlango inalia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu wazazi wanataka kuwahi treni ya Red Line pale Glenmont, au kupita barabara ya Beltway kabla magari hayajasimama. Kila mlo wa watoto unaandikwa, nani amekula na amekula nini, ili mpango wa serikali wa chakula urudishe gharama. Mkaguzi anaweza kubisha bila kutoa taarifa. Watoto wachanga hulazwa chali, kila mmoja kwenye kitanda chake, na hawaachwi bila jicho. Alasiri mtoto wa nyumba anashuka kwenye basi la njano, anapitia mlango wa jikoni, na neno la kwanza analopokewa nalo ni shhh. Anafanya hesabu zake akiwa ameketi kwenye ngazi, daftari magotini, maana meza ya kulia ina watoto wanaopaka rangi. Sebuleni mtoto asiyemjua vizuri anasukuma gari dogo la mtoto wa nyumba, lile ambalo jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino chini ya magurudumu. Huyu wa nyumba anauliza swali moja tu, na huliuliza karibu kila siku: wanaondoka saa ngapi?

Mbele ya swali hilo akina mama wengi hupelekwa Mithali 31, kwa mwanamke ambaye taa yake haizimiki usiku. Ni sura nzuri, naipenda, lakini imetumiwa kuwachosha wanawake waliokwisha kuchoka. Aya ya 15 inasema wazi kwamba alikuwa na wajakazi. Mjane wa 2 Wafalme hakuwa na mtu. Yeye ndiye aliye karibu na mama wa deikea.

Sasa tuingie naye ndani. Mlango umefungwa. Mdai yuko nje. Majirani wako nje. Wanunuzi wa mafuta bado hawajajulikana. Hata Elisha hayumo, na hili hunishangaza kila ninaposoma: mtu wa Mungu aliyetoa agizo hakuwepo muujiza ulipotendeka. Waliouona kwa macho ni mama na watoto wake wawili. Wao ndio waliopokezana vyombo, wakaona chupa ndogo ikijaza mtungi baada ya mtungi bila kupungua. Mungu angeweza kufanya hivyo sokoni, mji mzima ukashuhudia. Alichagua chumba chenye wavulana wawili walioogopa kuuzwa. Wale waliokuwa karibu kugeuzwa malipo ya deni wakafanywa mashahidi wa kwanza wa wema wake.

Na hawakukaa wakitazama. Walifanya kazi. Nasema hivi kwa faraja ya mama anayehisi hatia kila anapomwambia mwanawe mkubwa alete nepi au akunje mashuka ya vitanda vidogo. Neno pekee la mama huyu kwa mwanawe ambalo Maandiko yametuhifadhia ni la kazi: alimtaka amletee chombo kingine. Hakuna mahali alipokemewa kwa hilo. Mtoto anayeshika kazi na mzazi wake, akijua kazi hiyo ni ya nini, analelewa. Wavulana wale walijua ni ya nini. Je, wa kwetu wanajua? Mtoto wa Silver Spring ameambiwa kwamba hizi kelele, hawa watoto na hizi karatasi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, ndizo zinazomwezesha bibi kule kijijini kununua dawa, na kwamba mama aliamua hivi ili asiwe mbali naye? Au ameachiwa aelewe mwenyewe kwamba watoto wa watu hubebwa na yeye huambiwa shhh?

Jibu la mtoto kwa mama ndilo lililonifanya nichague somo hili. Mama aliomba chombo kingine, na mwanawe akamwambia hakuna tena. Mafuta yakakoma. Kikomo cha kazi kilitangazwa na mtoto, na mama alimsikiliza. Hakumtuma akazunguke tena vijijini kuazima. Hakumwambia angalia vizuri. Aliacha kumimina.

Najua wako wanaohubiri hapa kwamba imani ya mjane ilikuwa ndogo, kwamba angeazima vyombo vingi zaidi angetajirika, na kwa hiyo nasi tuongeze vyombo. Siwezi kukubaliana nao. Mwandishi wa kitabu hiki anajua kulaumu uchache pale unapostahili lawama. Sura ya 13, Elisha akiwa kitandani karibu kufa, mfalme Yoashi aliambiwa apige mishale chini, akapiga mara tatu tu, na nabii akakasirika, akamwambia ilimpasa kupiga mara tano au sita. Nabii ni yule yule na kitabu ni kile kile. Kwa mjane hakuna hasira, hakuna majuto. Alipokwenda kumweleza yaliyotokea aliambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Hayo ndiyo yaliyokuwa makadirio ya Mungu kwa nyumba ile: deni liishe na watoto wale. Sioni mahali alipoambiwa afungue duka la pili.

Hili ni gumu kulisikia mwaka ukiwa mbaya. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba 2025 serikali kuu ya Marekani ilifungwa kwa siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Katika eneo ambalo kila mtaa una wafanyakazi wa serikali, mshahara wao ukisimama, mtetemo wake haukawii kufika kwa mama wa deikea. Mzazi asiye na mshahara anabaki na mtoto wake nyumbani. Mkopo wa nyumba haungoji. Hapo ndipo inapokuja ile fikra ya kupokea watoto wa usiku, na wa Jumamosi, na wa Jumapili baada ya ibada. Simlaumu mama anayefanya hivyo kwa msimu ili mdai asimfikie. Mjane naye aliagizwa aazime vyombo visiwe vichache, na bila shaka jioni ile mgongo ulimuuma. Ninachoomba ni kwamba msimu uwe na mwisho, na watoto wa nyumba waambiwe mwisho huo ni lini.

Kufunga mlango, kwa mazingira yetu, ni jambo la kuandikwa. Liwe ndani ya mkataba na wazazi: saa kumi na mbili jioni ni saa kumi na mbili, na anayechelewa analipia. Simu ya kazi inazimwa. Vitanda vidogo vinakunjwa na kuwekwa pembeni, meza ya kulia inarudi kuwa ya familia, na kiwepo chumba ambacho watoto wa deikea hawaingii, ambamo gari lenye jina chini ya magurudumu hukaa. Baba akiwa ni mtu wa zamu za usiku, basi saa ile zamu zao mbili zinapopishana, yeye akijiandaa kutoka na mama akiwa amemaliza, iwe ni saa ya chakula na sala fupi, hata kama ni dakika chache. Kumbukumbu la Torati 6 halidai darasa. Linadai maneno ya Mungu yasemwe tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuamkapo. Mama wa deikea anaketi nyumbani kuliko mtu yeyote kanisani.

Nirudi kwa watu ambao habari hii inawapita haraka: majirani. Walitoa vyombo vitupu, wala hawakuonyeshwa kilichotendeka nyuma ya mlango. Bila wao chupa ingebaki chupa. Na majirani wa mama wa deikea hapa ni sisi, washirika wenzake, ambao kila Jumapili tunamwuliza hajambo huku tukitafuta funguo za gari. Leseni yake inamtaka awe na mtu wa kushika nafasi yake akipatwa na dharura, na mtu huyo lazima achunguzwe rekodi zake na jina lake lipitishwe na ofisi ya leseni kabla hajaachiwa watoto. Hapo ndipo wengi hukwama, hawana mtu. Dada mwenye siku moja ya mapumziko katikati ya wiki akikubali kujaza fomu hizo na kuchunguzwa, mama anaweza kumpeleka mwanawe kwa daktari wa meno bila kuifunga biashara, au kwenda shuleni saa nane mchana kumwona akiimba na darasa lake, kisha akarudi kazini. Mkutano ujao wa akina mama usifungwe kabla hatujauliza nani anaweza, na kuandika majina.